Namna ya Kuwa Muungwana Ukubwani

Anza na kichwa. Unguja ya karne ya 19, mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa mbele ya waungwana, wala kuvaa viatu. Basi ukitaka kupanda daraja, hapo ndipo pa kushika kwanza. Mwanamume, tafuta kofia. Ukijaliwa, iwe iliyoshonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, ya kumkalisha fundi miezi. Mwanamke, ivue kaniki. Nguo hiyo ya merikani iliyochovywa nili ilimtambulisha mjakazi kabla hajafungua kinywa. Chukua doti ya kanga, kipande kimoja ujifunge, kingine ujitande kichwani mpaka mabegani. Kanga ni nguo mpya, haijawahi kuwa sare ya mtumwa wa mtu, na ndiyo maana utaipenda hata kama bei yake itakulaza na njaa.

Usingoje serikali. Amri ya Sultani Hamoud ya kufuta utumwa, ya Aprili 1897, haikumkomboa kila mtu siku ile: ilikubidi uende mwenyewe mahakamani, ueleze utaishi wapi na utakula nini, la sivyo uhesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Cheti utapewa na hakimu, lakini hakimu hana cha kufanya na namna jirani anavyokuitikia salamu. Hiyo ni kazi ya kofia na kanga.

Kisha hamia Ng'ambo, uvuke hori utoke Mji Mkongwe, ukae pale ambapo wengi wameacha majina ya mabwana zao nyuma. Hapo ukiulizwa kabila, jibu lolote lakini usitaje ulikonunuliwa. Sema wewe ni Mswahili. Jina hilo likishajaa watu kama wewe, wenye macho ya juu watalihama, nawe utalihama pia. Sensa ya 1924 iliandika Waswahili kwa maelfu. Ilipofika ya 1931 walikuwa wamepungua vibaya mno, na Washirazi wameongezeka. Hakuna maradhi yaliyowaua. Walibadili jibu.

Na wala usijione mwongo. Ukimsimulia mwanao mara ya kwanza kwamba babu yake alitoka Shirazi, huko Uajemi, sauti itakukwama kidogo. Yeye atakapowasimulia wanawe, haitamkwama, maana ataamini, na ataoa, atazika na atapiga kura kwa imani hiyo. Mimi siwacheki watu hawa hata kidogo. Walikataa kuitwa kwa jina la jeraha lao, na sioni kosa lao liko wapi.

Kama unataka mfano, mtazame mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, akatembeza vyungu mjini, akajifunza kuimba. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri, na jina la kuzaliwa lilikwisha kufukiwa chini ya lile la Siti. Aliimba amejitanda buibui, vazi ambalo lilikuwa limeshawafikia wanawake wa kila tabaka.

Hapo ndipo pana shughuli. Mama wa mashamba akishavaa kama binti wa nyumba kubwa, binti huyo hatatulia. Atatafuta kitambaa chepesi zaidi, darizi nyingine, mshono ambao haujafika Ng'ambo. Kwa hiyo usimalize fedha zote kwenye buibui hili. Bakisha za lijalo.