Sifa za Adapta

Wafalme wamesifiwa, majahazi yamesifiwa, na macho ya wapenzi yamesifiwa hata yakachoka; wanavyuoni nao wamesifu elimu, subira na kimya kwa ufasaha usio na upungufu. Walakini katika madaftari yote ya sifa yaliyopata kuandikwa sijaona ukurasa uliotengwa kwa ajili ya adapta ya visikilizi vya masikioni, kile kijiwaya kisichofika shubiri moja, chenye pini bapa upande huu na tundu la mviringo upande ule, ambacho mtu aliyehama iPhone akaingia Android, au aliyehama Android akaingia iPhone, hulazimika kukichukua kila aendako ili nyimbo zilizokuwa zake jana ziridhie kuwa zake na leo. Kitu kinachotukanwa na watu wengi kiasi hicho, kinachotafutwa kwa ghadhabu chini ya mito na ndani ya mifuko ya suruali zilizokwisha fuliwa, hakiwezi kuwa kitu cha hivi hivi. Na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kukitetea, nimeiona kazi hiyo kuwa ni faradhi kifaya, ambayo mmoja akiitekeleza huwa amewaondolea wengine wote dhima.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada. Adapta si mtoto wa kuokotwa. Babu yake mkuu ni ile pini nene ya robo inchi ya vituo vya simu, ambamo tangu mwishoni mwa karne ya 19 wafanyakazi waliunganisha mazungumzo ya watu kwa mkono. Na mjukuu wa pini hiyo, mwembamba wa milimita 3.5, alikua pamoja na redio ndogo za transista, na mwezi wa Julai 1979 akaingia katika Walkman ya Sony, ambayo ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ili watu wawili wasikilize ukanda mmoja kwa pamoja. Kwa miaka mingi baada ya hapo pini hiyo iliingia katika redio, kompyuta na simu bila ya kuulizwa kabila lake. Kisha ikaja tarehe 7 Septemba 2016, mjini San Francisco, ambapo Apple waliionyesha dunia iPhone 7 isiyo na tundu, na Phil Schiller, mkuu wa masoko wa kampuni hiyo, akaeleza kwamba sababu ya kuliacha ilikuwa neno moja tu: ujasiri. Majemadari wa kale walihitaji vita ndipo waitwe majasiri. Siku hizi yatosha kuziba tundu. Ndani ya kisanduku cha simu hiyo kiliwekwa kijiwaya cheupe kwa ajili ya wenye visikilizi vya zamani, na aliyetaka cha pili alikinunua kwa dola 9. Hiyo ndiyo siku adapta yetu ilipotangazwa kwa halaiki ya watu.

Waliocheka wakati ule hawakucheka muda mrefu. Google, ambao mwezi uliofuata walijinadi kwamba Pixel yao ingali na tundu, waliitoa Pixel 2 mwaka 2017 bila ya tundu. Samsung, ambao matangazo yao yaliwafanyia Apple mzaha, waliliondoa katika Galaxy Note 10 mwaka 2019. Apple nao mwaka 2018 wakaacha kuitia adapta katika kisanduku, na mwaka 2020 wakaviondoa na visikilizi vyenyewe, isipokuwa Ufaransa, ambako sheria ya wakati huo ilitaka simu iuzwe pamoja navyo. Hivyo adapta, iliyoanza maisha yake kama hidaya, ilipanda cheo ikawa bidhaa. Na ni viumbe wachache duniani waliopanda cheo upesi namna hiyo bila ya kubadili hata unyuzi mmoja wa maumbile yao.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba inatufunza kutohukumu kwa sura. Pini ya Lightning, iliyotawala iPhone tangu mwaka 2012 hadi iPhone 14 ya mwaka 2022, haina elimu kubwa ya kutupa, kwa kuwa haiingii katika Android hata kwa nguvu, na mwenye macho hulitambua hilo mara moja. Elimu yenyewe iko katika USB-C. Hapo utaziona adapta mbili zenye umbo moja na rangi moja, na zote mbili zinaingia tunduni kwa unyenyekevu ule ule. Ilhali ya kwanza ina chipu ndani yake inayopokea tarakimu kutoka katika simu na kuzigeuza sauti, na ya pili haina chochote ila nyuzi, ikingojea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha geuzwa, jambo ambalo baadhi ya simu hulifanya na nyingine hazilifanyi abadani. Ichomeke hii ya pili katika simu isiyoifahamu, nawe utapata kimya safi kisicho na mkwaruzo. Muuzaji aghalabu hajui, mnunuzi hajui, na kisanduku hakisemi. Tena iko adapta ya USB-C ya Apple wenyewe, yenye chipu njema na bei ya wastani, ambayo ikiingia katika baadhi ya simu za Android hutoa sauti ya chini kuliko ile inayowapa jamaa zake; wenye haraka huliita jambo hilo kasoro, lakini mwenye insafu ataliona kuwa ni huruma kwa masikio ya mgeni.

Sifa ya pili ni mchango wake, na wa ukoo wake wote, katika sanaa. Pini ya mviringo yenye maikrofoni imegawanyika sehemu nne: ncha ya sauti ya kushoto, pete ya sauti ya kulia, kisha pete nyingine na shina, ambazo moja ni ya maikrofoni na moja ni ya ardhi, yaani njia ambayo umeme hurudia. Wakubwa walihitilafiana juu ya ipi iwe ipi. Mpango wa CTIA, walioushika Apple na baadaye simu nyingi za Android, huiweka ardhi katika pete ya pili. Mpango wa OMTP, walioushika Nokia na wenzao hapo zamani, huiweka katika shina. Mtu akiviingiza visikilizi vya mpango mmoja katika simu au adapta ya mpango mwingine, sauti za kushoto na kulia hukosa njia ya kurudia, zikapambana zenyewe kwa zenyewe, na chochote kilichorekodiwa sawasawa pande zote mbili hufutika. Sasa, ni nani ambaye mafundi wa studio humweka katikati kabisa? Ni mwimbaji. Basi msikilizaji wa taarabu hupata fidla, akodiani na ganuni zikilia kwa mbali, na bibi mwenyewe wa jukwaa hayupo. Rekodi za mkondo mmoja, kama zile ambazo Siti binti Saad alikwenda kuzifanya Bombay mwaka 1928, hupatwa na makubwa zaidi, kwani ndani yake kila kitu kiko katikati, na kwa hiyo karibu kila kitu hutoweka. Ukikibonyeza kitufe cha kwenye waya na kukishikilia, mwimbaji hurejea, ukikiachia, huondoka.

Fikirini faida zake. Tangu lini majirani wakalalamika kwamba mafumbo ya taarabu yanawagombanisha, yakafunga milango ya nyumba na kuvunja undugu? Hiki hapa chombo kinachoondoa mafumbo yote na kubakisha ala tupu, na hakuna mshauri wa ndoa wala mzee wa mtaa aliyewahi kuleta suluhu ya haraka kuliko hiyo. Na ikiwa mtu ana ukaidi wa kutaka kuyasikia maneno, dawa yake ni adapta nyingine ya kugeuza mpango mmoja kuwa wa pili, ichomekwe nyuma ya ile ya kwanza. Vitufe vya kupandisha na kushusha sauti vilivyo katika waya wa visikilizi vya Apple vya pini ya mviringo navyo havifahamiki na Android, illa kile cha kati cha kusimamisha wimbo na kuuendeleza. Na katika upungufu huo mmefichwa fadhila ya kuridhika, kwa maana mwenye kunyimwa viwili akaachiwa kimoja hukithamini kuliko mwenye vitatu.

Adapta katika haya yote ina hali ya mshenga. Nyumba mbili zinataka kuungana, wala hazina ugomvi wa asili. Lakini kila moja imeshika ada zake na kuona ni udhalili kusema na mwenzake ana kwa ana, hata akatafutwa mtu wa katikati, akatumwa huku na huku, na posa ikiharibika lawama zote zikamwangukia yeye aliyetembea kwa miguu. Si adapta iliyoliziba tundu, wala si adapta iliyozigawa pete. Lakini ndiyo inayotupwa ukutani.

Watakuja wenye visikilizi visivyo na waya waniambie kwamba habari hizi zimepitwa na wakati. Nawajibu kwa taadhima. Bluetooth ina kodeki (yaani njia ya kuibana sauti ipate kusafiri) ya lazima iitwayo SBC, ambayo kila kifaa cha muziki huifahamu. Juu yake ipo AAC, ipo aptX ya Qualcomm, na ipo LDAC ya Sony, inayofika kilobiti 990 kwa sekunde na ambayo iliingizwa katika Android tangu toleo la 8 la mwaka 2017. iPhone huzungumza SBC na AAC, basi. Mtu aliyenunua visikilizi vya thamani kwa ajili ya LDAC, kisha akahamia iPhone, atateremshwa daraja bila ya taarifa, na ataendelea kuyasifu mahaba ya LDAC ambayo hayapo tena. Hali kadhalika AirPods zikipelekwa katika Android huunganika na kuimba, lakini huacha nyumbani adabu zao: hazisimamishi wimbo zikitolewa sikioni, wala hazionyeshi katika simu kiasi cha chaji kilichobaki. Adapta haina unafiki huo. Ikikubali, imekubali, ikikataa, hukataa hadharani, na haijapata kuomba kuchajiwa.

Liko jambo moja ambalo adapta, pamoja na sifa zake zote, hailiwezi, nalo ni kuzivusha nyimbo zenyewe. Duka la iTunes lilipofunguliwa tarehe 28 Aprili 2003, likiwa na nyimbo 200,000 za senti 99 kila mmoja, kila wimbo ulitoka na kufuli iitwayo FairPlay, iliyouzuia usilie katika vyombo vya kampuni nyingine. Mwezi wa Februari 2007 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akizitaka kampuni za rekodi ziruhusu kufuli ziondolewe, na mwezi wa Januari 2009 Apple wakatangaza kuziondoa katika nyimbo za duka lote. Nyimbo za AAC zilizonunuliwa bila ya kufuli hulia katika Android kama kwao. Lakini watu walikuwa wamekwisha anza kuzoea kukodi badala ya kununua, na leo mtu hulipa kila mwezi, hupakua nyimbo maelfu, huziita zake, na siku anapoacha kulipa hugundua kwamba alikuwa mpangaji. Ni kweli kwamba Apple Music imo katika Android tangu Novemba 2015, kwa hiyo mpangaji anaweza kuhama na chumba chake; illa hawezi kuuchukua ufunguo.

Wapo pia waliodhani kwamba serikali zitaiua adapta. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko na kuchajiwa kwa waya ziwe na tundu la USB-C, na Apple walikuwa wamelitanguliza katika iPhone 15 mwezi wa Septemba 2023. Furaha ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Lakini amri ile ilihusu chaji. Haikulirudisha tundu la mviringo, wala haikuzilazimisha adapta zisizo na chipu kupatana na kila simu. Adapta ikabaki hai, nayo sasa inaingia katika simu nyingi zaidi kuliko zamani.

Sifa ya mwisho ni kwamba adapta ni alama ya utajiri. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, uzitazame Tecno na Itel za bei ndogo: nyingi zingali na tundu la milimita 3.5, na mwenye nazo huchomeka visikilizi vyovyote, akasikiliza, akaenda zake, bila ya kupata hata moja katika mafunzo niliyoyaeleza hapa. Kadiri mtu anavyolipa zaidi ndivyo anavyopungukiwa tundu. Na heshima ya kupungukiwa kwa gharama kubwa hawapewi watu wote.

Basi wewe unayekusudia kuhama, pokea nasaha ya mwenye kuisifu adapta. Nyimbo uzipendazo kweli zinunue zikae mkononi mwako, katika MP3 au katika AAC isiyo na kufuli, kabla ya kuiuza simu ya zamani. Nenda dukani na visikilizi vyako, uvichomeke katika simu ile utakayoinunua, usikilize wimbo wenye mwimbaji, na ukimkosa mwimbaji usitoe fedha. Chagua adapta yenye chipu yake yenyewe, na muuzaji asiyejua kama ina chipu mwache, utafute mwingine. Matusi uliyoiwekea adapta yapeleke kwa waliotuuzia simu ya bei kubwa kuliko ya zamani, yenye tundu moja pungufu, wakatwambia tushukuru. Na ukinunua adapta, nunua mbili, kwa kuwa moja itapotea.