Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Msajili wa Kampuni, Nairobi

Mheshimiwa Msajili,

Kwa heshima na taadhima napiga hodi katika ofisi yako tukufu, mimi mama wa unga wa uji kutoka Runyenjes, Kaunti ya Embu. Najua meza yako haikosi kazi, na wanaokuandikia ni wengi wenye vyeo na elimu kunipita. Naomba unipe dakika chache tu za muda wako. Nimekuja kushukuru kwanza, kisha niombe jambo moja.

Shukrani ninazo, Mheshimiwa, na si za kupamba barua. Kabla ya Sheria ya Kampuni ya 2015, mtu wa Maua au Siakago aliyetaka kampuni ilimbidi atafute mwenzake, kwa kuwa sheria ya zamani haikumkubali mtu mmoja. Kisha apande matatu ya alfajiri hadi Nairobi, apange foleni Sheria House, na mara nyingi awe na wakili wa kumlipa. Leo mtu mmoja anaweza kumiliki kampuni peke yake. Mwenye mtaji uliolipwa usiofika shilingi milioni 5 halazimiki kuajiri katibu wa kampuni. Muuza maparachichi anaweza kuketi kibandani mwake pale Gakoromone, Meru mjini, akafungua eCitizen kwenye simu na kuanza safari. Kwa hayo, Mheshimiwa, nakushukuru wewe na waliokutangulia. Mmetufungulia mlango ambao mama zetu hawakuuona.

Niruhusu nieleze kwa nini mlango huo ni muhimu kwa watu wa huku. Jirani yangu alikuwa akinunua ndizi Nkubu na kuzipeleka Nairobi. Biashara ilikuwa yake binafsi, kwa jina lake. Usiku mmoja lori la kukodi lilipinduka na mzigo wote ukaharibika. Wakulima walimdai, mwenye lori akamdai, mkopeshaji naye akamdai. Kwa kuwa biashara na mwenyewe walikuwa kitu kimoja mbele ya sheria, deni la ndizi lilifuata ng'ombe wa maziwa, kisha viti vya sebuleni, kisha kipande cha shamba. Nilisimama kwenye uzio nikamtazama yule ng'ombe akipakiwa. Watoto walikuwa wamempa jina.

Siku hiyo nilielewa maana ya kampuni yenye dhima ya kikomo. Kampuni ni mtu kisheria. Ina jina lake, PIN yake, madeni yake. Ikianguka, mwenyehisa hupoteza alichoweka kwenye hisa, na nyumba anayolala hubaki. Huko London, fundi wa viatu aliyeitwa Aron Salomon aliwahi kushtakiwa ili alipe madeni ya kampuni aliyoiunda mwenyewe. Mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema kampuni ni mtu mwingine, hata kama aliye nyuma yake ni fundi yule yule. Uamuzi huo wa mtengeneza viatu ndio kinga anayoitamani muuza ndizi wa Nkubu leo.

Basi mwaka 2019 nami nikaamua kuzaa kampuni. Nilibeba kitambulisho, PIN, picha na majina niliyopendekeza hadi saiba moja. Kijana aliyekuwa pale alinijazia fomu, CR1, CR2 na CR8, nikatia sahihi alipoonyesha kwa kidole. Nililipa shilingi 10,650 za usajili na zake za kazi. Siku chache baadaye cheti kilitoka, nambari yake ikianza na herufi PVT. Nilikitia fremu ya kioo nikakitundika juu ya mizani, karibu na kibali cha biashara cha kaunti. Kila jioni nilikipangusa vumbi la unga kwa kanga.

Mheshimiwa, nilikipangusa miaka mitatu bila kujua kwamba cheti kile kilikuwa na kazi zake.

Nilikuwa nimeisajili kampuni nikitarajia zabuni ya kupeleka unga shuleni. Zabuni haikuja, nami nikaendelea kuuza kwa jina langu kama zamani. Nilidhani kampuni isiyouza kitu haidaiwi kitu. Mapema mwaka 2023, nilipohitaji cheti cha kodi cha kampuni, ndipo nikaambiwa kwamba kampuni huwasilisha ritani ya kodi kila mwaka hata kama haikuuza kilo moja. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, lakini kwa kampuni huanzia shilingi 20,000. Miaka mitatu, shilingi 60,000. Unga wenyewe haukuwa umesagwa kwa jina la kampuni hiyo hata debe moja.

Nilipouliza kwa nini sikupata hata ujumbe mmoja, tukakuta barua pepe na simu zilizoandikwa kwenye maombi hazikuwa zangu. Zilikuwa za yule kijana wa saiba, na alikuwa amekwisha kuhama mji. Simlaumu sana. Alijaza alivyozoea, nami sikujua la kuuliza.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kuzaa kampuni mmekurahisisha, na Mungu awabariki. Kulea ndiko tunakoshindwa, Mheshimiwa, kwa sababu mama anatoka hospitalini na mtoto mkononi bila kuambiwa siku za chanjo.

Ombi langu ni hili, na ninalileta nikiwa nimeinamisha kichwa. Kila cheti cha kampuni kinapotolewa, kiambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaomweleza mwenyewe alicho nacho na anachodaiwa. Na ukurasa huo, pamoja na kila kikumbusho kitakachofuata, utumwe kwa simu ya mwenye kampuni iliyothibitishwa kuwa yake, usiishie kwa aliyemchapia fomu.

Ili nisije mikono mitupu, nimejaribu kuuandika. Unisamehe palipo na upungufu.

"Hongera. Sasa una kampuni, na kampuni si wewe. Fedha zake ziwe na akaunti yake. Ukizichanganya na za nyumbani, unabomoa mwenyewe ukuta unaokulinda.

"Una ritani mbili, na jina lisikuchanganye. Moja ni ya Msajili: kila mwaka, siku kampuni inapotimiza mwaka mwingine, unamweleza wakurugenzi ni akina nani, hisa ni za nani na ofisi iko wapi. Nyingine ni ya kodi, kwa Mamlaka ya Mapato (KRA): kampuni inayofunga hesabu Desemba huiwasilisha kabla ya Juni 30 kuisha. Kufanya moja hakukuondolei nyingine. Hata kama hukuuza kitu, wasilisha.

"Mauzo ya mwaka yakipita shilingi milioni 1 lakini yasizidi milioni 25, uliza kuhusu kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

"Andikisha wamiliki halisi wa kampuni. Tangu Oktoba 2020 rejista yao iko mtandaoni, na inamhusu kila mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi, hata kama ni wewe peke yako.

"Mkopeshaji akikuomba utie sahihi kama mdhamini, soma kwanza. Ukijidhamini wewe binafsi, deni hilo linaruka ukuta na kuingia nyumbani.

"Ukiona kampuni haina kazi, usiiache tu. Omba iondolewe kwenye rejista, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi, uwe huru. Na kama biashara yako bado ni ndogo na haina madeni ya kutisha, jina la biashara linaweza kukutosha kwa sasa, mradi ujue kwamba deni lake ni lako."

Ni hayo tu, Mheshimiwa. Yanaingia nyuma ya karatasi moja.

Nimesema Kiswahili kwa sababu fomu zote nilizotia sahihi zilikuwa za Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kwenye barabara yetu, kutoka Embu mjini, kuvuka mto Thuci hadi Chuka na Nkubu, Mwembu na Mmeru na Mmbeere wakikutana sokoni hupatana bei kwa Kiswahili. Mtu anayeweza kubishana shilingi tano kwa Kiswahili anaweza pia kuielewa dhima yake kwa Kiswahili, akiandikiwa.

Faini zangu nilizilipa. Niliuza ndama wawili na magunia ya ndengu niliyokuwa nimehifadhi. Siombi nirudishiwe. Kampuni yangu sasa ina akaunti yake, ritani zake zimewasilishwa zote mbili, na unga unauzwa kwa jina lake hadi Meru.

Ninayemwombea ni wifi yangu wa Nkubu. Anakaanga krisps za ndizi, ameajiri wasichana wawili, na mwezi uliopita aliniambia anataka kusajili kampuni. Nilimnunulia chai, nikachana karatasi katikati ya daftari la mtoto, nikamwandikia maneno hayo uliyoyasoma hapo juu. Kabla ya wiki kuisha wanawake wanne wa soko lao walikuwa wameyapiga fotokopi. Mmoja alisema amekuwa mkurugenzi miaka miwili na hajawahi kuambiwa hata moja kati ya hayo.

Nakala ya karatasi hiyo naiambatanisha, Mheshimiwa, na mistari yake ya daftari. Nakuomba kwa unyenyekevu wote ukaisahihishe panapostahili, uitie muhuri wako, kisha uturudishie.



Wako mtiifu,

Mama wa unga,
Runyenjes, Kaunti ya Embu