Kamera Yenye Maamuzi Yake

Sijui nani aliyeiambia kamera ndogo ya dijitali kuwa yeye ndiye mwenye shughuli. Kuchaji nichaji mimi, kadi ninunue mimi, lakini cha kutazamwa achague yeye.

Kwenye harusi moja Malindi, Ami alijikalia mkekani, mgongo ukutani, ukuta umepakwa chokaa jana yake, na kanzu yake nyeupe pe. "Nipige vizuri mwanangu, hii naitia fremu." Nikagusa kitufe. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, zii, zii, kama mtu aliyepoteza miwani akawa anaitafuta kwa kupapasa. Kamera hizi nyingi hazipimi umbali; zinasaka mahali rangi mbili zinapopishana kwa ukali, zikipaona ndipo zinatulia. Nyeupe juu ya nyeupe haina pa kushika.

"Imetoka?" Ami akauliza bila kufungua mdomo, tabasamu limeshaanza kumkauka.

Mraba wa kijani ukawaka mwishowe, juu ya bakuli la achari lililokuwa mbele yake. Achari ilitoka safi, mbegu za pilipili wazihesabu. Ami alitoka ukungu, ndevu zake tetesi tu.

Nikawasha ule mpangilio wa kutambua nyuso. Kumbe kati ya wageni yupo bwana aliyevaa fulana ya kampeni, mheshimiwa anacheka kifuani pake. Kamera ikaona nyuso mbili, ikachagua ya mheshimiwa. Mtu hakualikwa, hakuchanga hata shilingi, na ndiye aliyeng'ara kuliko bwana harusi!

Kwenye magofu ya Gede ndiyo usiseme. Lile kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399, nililipata bila taabu, kaburi halikimbii. Ila nilimtaka sengi, yule mnyama mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya, pua ndefu, matako ya dhahabu, anayefukua majani makavu akitafuta wadudu. Akasimama wazi kabisa. Kamera ikaanza kushauriana na majani yaliyo karibu, ikawasha na kitaa chake cha kusaidia gizani, sengi huyoo! Ninayo picha nzuri sana ya jani.

Dawa imo humo humo kwenye menyu, wala hailipiwi. Ondoa uchaguzi wa kamera, weka nukta moja ya katikati. Kwa mzee wa kanzu, elekeza nukta kwenye ukingo wa kofia yake ya vito, pale nakshi inapokutana na paji la uso. Bonyeza nusu, usiachie. Ikilia, panga picha upendavyo, kisha malizia. Alama ya ua ni ya vitu vya karibu, pete na hina, ukimaliza izime.

Na jamani, mkialikwa harusini, fulana za kampeni ziacheni nyumbani. Uchaguzi ni Agosti 2027.