Kabla Hujakisifu Kioo Chako

Ukitaka kutengeneza kioo kikubwa cha darubini ya kutazamia nyota, anza kutafuta subira, kioo baadaye. Cha Palomar, huko California, chenye upana wa mita 5, kilimiminwa Desemba 1934 na kupozwa polepole kwa miezi kumi ili kisipasuke. Vita vikaingia kati, na kusuguliwa kwake kukaisha mwaka 1947. Kwa hiyo usimwahidi mtu kumwonyesha mwezi wa Idi ijayo.

Kusugua utajifunza. Mkono huzoea. Kupima ndiko kwenye kazi, na kifaa cha kuanzia kinauzwa dukani kwa mangi: wembe. Njia hii aliibuni Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858. Weka taa ndogo nyuma ya tundu la sindano, pale kwenye kitovu cha mpindo wa kioo, kisha ukate kwa wembe mwanga unaorudi, jicho lako likiwa nyuma yake. Kioo chenye umbo la tufe huingia giza chote kwa pamoja. Chenye kasoro huonyesha vilima na mabonde ya vivuli, hata kasoro ikiwa ndogo mara mamia kuliko unene wa unywele. Mimi naupenda wembe huo kwa dhati.

Sasa shika hili kuliko yote. Vipimo viwili vikibishana, weka zana chini, wala usichague kile unachokipenda. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kioo cha darubini ya angani ya Hubble, cha mita 2.4, kilisuguliwa Marekani kwa kufuata kifaa kimoja kilichoaminiwa kupita vyote. Ndani ya kifaa hicho lenzi moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Fimbo ya kupangia nafasi yake ilikuwa na kifuniko kilichopakwa rangi isiyong'aa. Rangi ikabanduka, na mwanga ukaakisiwa na kifuniko badala ya ncha ya fimbo. Mafundi walipoona lenzi haifiki ilipotakiwa, wakatia washa kuziba pengo. Ndugu fundi, hapo ndipo pa kusimama! Washa ambayo haimo kwenye mchoro ni swali, na swali hujibiwa kabla ya kukaza skrubu. Vifaa vingine viwili vilionyesha kasoro. Vikahesabiwa kuwa havina usahihi wa kutosha. Basi kioo kikasuguliwa kwa ustadi mkubwa hadi kikapata umbo lisilo lake, ukingo ukiwa umepungua takriban mikroni 2. Kilirushwa Aprili 1990, na picha za nyota zikaja na ukungu. Desemba 1993 wanaanga walipanda kuivisha darubini hiyo miwani.



Kwa hiyo mtafute jirani anayesugua kioo. Mpelekee chako akipime kwa kifaa chake, nawe ukipime chake kwa chako. Akikuambia ukingo umeisha, mkaribishe chai, kisha mpime tena pamoja.