Bustani ya Shule Isiguswe na Mtoto

Mwalimu mkuu, wajumbe wa halmashauri ya shule, walimu, wazazi mliowahi, na nyinyi wa nyuma mtakaosema mlikwama Ngong Road: itifaki imezingatiwa. Simu zote zizimwe isipokuwa ya mpiga picha wangu.

Mnaye mbele yenu mtaalamu wa bustani za shule, wa pekee kati ya hapa Adams Arcade na Dagoretti Corner. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilijitunuku mwenyewe baada ya kuchunguza kwa makini na kuona hakuna mwingine anayestahili. Wenye wivu huuliza nimelima wapi. Jamani, daktari wa uzazi huulizwa amejifungua mara ngapi?

Mada ya leo ni kwamba mtoto wa shule ya msingi hujifunza kwa vitendo. Naiunga mkono kwa moyo wote, mradi vitendo vyenyewe vifanywe na mtu mwingine.

Tuanze na historia, maana mhadhara usio na historia ni maongezi tu. Huko Ujerumani katika karne ya 19, Friedrich Froebel alimgawia kila mtoto kitalu chake apande atakacho. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere akaandika Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba na wanafunzi washiriki kuamua mapato yake yatumikeje. Wanafunzi waamue! Hapo ndipo mimi na Mwalimu tunapoachana njia. Kwetu Kenya, vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikafifia, vikazinduliwa tena kwa shangwe mwaka 2021. Katikati hapo, wengi wetu tulilima shuleni kwa sababu moja tu: kuchelewa. Aliyewahi alipewa kitabu, aliyechelewa alipewa jembe. Mpaka leo nashangaa kwa nini mtu mzima wa Nairobi akiona jembe huanza kujitetea.

Kisha mwaka 2017 ukaja Mtaala wa Umilisi, na Kilimo kikawa somo la Gredi ya Nne. Mnakumbuka ile kazi ya kutengeneza sanamu ya kutishia ndege? Mwaka 2021 nchi nzima ilicheka picha zake mitandaoni, nami peke yangu nilizisoma kitaalamu. Mzazi ametoka kazini saa mbili usiku, kapitia Soko la Toi kutafuta shati kuukuu na kofia, kafika nyumbani anafunga vijiti kwa kamba huku mtoto amelala fofofo. Asubuhi sanamu imevaa tai. Huo, mabibi na mabwana, ndio umilisi! Mzazi amejifunza. Ndege, kwa kuwa shule haikuwa na mtama wala mahindi, hawakusumbuliwa.

Nije kwa kalenda, ambayo imenikosesha usingizi. Shule hufunguliwa Januari, jua kali, bomba linatoa hewa. Kwa kuwa ratiba inasema kupanda, tunapanda. Mvua ya masika inapokolea Aprili, tunafunga. Watoto wakirudi, magugu yamefika magotini na sukuma wiki imekula likizo yake huko ndani. Vuli nayo, ikishachanganya vizuri Novemba, inakuta mlango wa shule una kufuli. Kuna mama mmoja kwenye halmashauri, mwenye elimu ya kawaida, aliyependekeza watoto wapokezane zamu za likizo, au tupande mboga za wiki chache zinazoiva ndani ya muhula, kama terere na dhania. Nilimsikiliza kwa huruma. Pendekezo langu lina upeo mpana zaidi: tuiandikie barua Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa isogeze mvua. Ofisi zao ziko hapo mbele tu, Dagoretti Corner, matatu moja. Barua nimekwisha kuiandika, imebaki muhuri.

Sasa magunia. Hapo ng'ambo tu, Kibera, mboga za gunia zimelimwa miaka mingi, na mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilizisambaza kwa maelfu ya familia. Nilikwenda kufanya utafiti nikiwa na viatu vyeupe. Bibi mmoja, asiye na cheti hata kimoja, alinionyesha. Anachukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, anausimamisha katikati ya gunia na kuujaza mawe madogo. Pembeni anatia udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika juu ya mkebe, anauvuta, anajaza mawe tena, hivyo hivyo mpaka mdomoni. Inabaki nguzo ya mawe katikati ya gunia. Akimwaga maji juu, yanateremka na nguzo ile hadi chini kabisa, na miche aliyoipachika kwenye matundu ya ubavuni inakunywa yote, ya juu na ya chini. Wajukuu zake ndio waliokuwa wakiokota mawe, wakibishana ni yapi makubwa mno.

Nilirudi na kuuboresha utaratibu huo kwa ajili ya shule yetu. Mawe nimeyaondoa, kwa sababu somo ni Kilimo, si Jiolojia. Watoto nao nimewaondoa, kwa sababu ya sare. Tumeweka uzio, kufuli na bango lenye jina langu.

Kuhusu tathmini, naomba utulivu. Yuko msichana wa Gredi ya Nne, sitamtaja, aliyepenya uzio wakati wa mapumziko. Alikuwa anapindua majani ya sukuma wiki moja moja. Chini ya jani, upande ambao wakaguzi hawaangalii, akakuta vidukari wamejipanga kwenye mshipa, wa kijivu, wadogo sana. Akaenda jikoni kwa mpishi, akaomba jivu, akalinyunyiza asubuhi majani yakiwa bado na umande ili lishike. Siku zilizofuata akawa anarudi kuwahesabu, na hesabu anaiandika nyuma ya daftari la Hisabati. Hakutumwa na mtu! Karatasi yake ya kazi, ile yenye kichwa "Taja wadudu waharibifu watano", ilikuwa tupu. Nilimpa Mbali na Matarajio. Aliyepata Kuzidisha Matarajio ni mvulana ambaye baba yake alituletea bustani ya kadibodi, imepakwa rangi, na kibomba kinachotoa maji ya karatasi ya nailoni. Iko ofisini kwa mwalimu mkuu, mkitaka kuiona mvue viatu.

Mavuno, kwa wanaouliza, yamekwenda chumba cha walimu. Mahali pengine popote yangewachanganya watoto.

Nina dakika moja ya maswali. Naona mkono dirishani. Ni msichana yule yule. Haya, sema kwa sauti, mwanangu… Anauliza kwa nini miche ya chini ya gunia imekauka na ya juu imeoza. Swali zuri, ila liko nje ya mada. Na hayo mawe uliyobeba kwenye sweta yarudishe ulikoyatoa.

Mwenyekiti, bahasha yangu ya nauli usiisahau. Na mtu aniletee maji ya kunawa, nilishika jembe kwa ajili ya picha.