Ssenga na Hedifoni za Wavu

Msomaji mwenzangu mwenye nyumba, mwenye mwenza na mwenye watoto, wewe utanielewa bila kuapishwa. Tunaishi Wandegeya, Kampala, ghorofani, nyuma ya soko. Mchana makondakta wanaita abiria wa Bwaise na Kawempe. Jioni wachoma kuku na wakaanga rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, wanapokea zamu, na wanafunzi wa Makerere wanapita chini ya dirisha hadi usiku wa manane. Mtu anayependa muziki katika mazingira hayo ana haki ya kutafuta mahali pake pa kusikilizia.

Spika zangu zilikwisha hukumiwa siku nyingi. Mke wangu tunamwita Hakimu, kwa kuwa uamuzi wake hauna rufaa, na aliamua kwamba watoto wakishalala Franco naye alale. Ndipo nikatafuta hedifoni za mtumba, za Kijerumani, zile zilizo wazi nyuma. Mgongoni mwa kila sikio zina wavu mahali pa kifuniko, hewa inapita. Sennheiser ndio waliozitoa za kwanza za namna hii mwaka 1968, HD 414, nyepesi, zenye sponji za manjano, na ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Siri yake ni kwamba sauti inayotoka nyuma haifungiwi ikarudi sikioni kwa kishindo. Inakwenda zake, na kila chombo kinabaki na nafasi yake.

Nilizipima kwa "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, kwa sababu wimbo ule una magitaa yanayosukana kwa dakika nyingi, na hedifoni mbaya huyakoroga yakawa uji. Mwanzoni nilisikia kwa mbali tu, hata simu ilipofika mwisho wa sauti. Shemeji yangu, mdogo wake Hakimu, anasoma uhandisi Makerere na anakula kwetu. Jina lake hapa nyumbani ni Profesa. Alizigeuza, akasoma maandishi, akasema ukinzani wake ni omu 300, simu haina nguvu ya kuzisukuma. Akaazima amplifaya ndogo kwa mwenzake wa bwenini. Ee bwana! Gitaa la ridhimu likakaa kushoto, la solo kulia, mi-solo likapenya katikati yao, na besi ikatembea chini taratibu, bila kuwakanyaga wenzake. Besi haina kishindo, anayetaka kutikiswa kifua atafute kitu kingine. Lakini sauti ya mtu, pumzi yake kabla ya neno, vidole vinavyoteleza kwenye waya, hivyo nilivisikia kwa mara ya kwanza katika wimbo ninaoujua tangu utoto Tanga.

"Ssebo," Hakimu akaita kutoka chumbani, "hiyo 'Mario' itakwisha saa ngapi?"

Wavu hauchagui. Unachosikia wewe anakisikia na jirani wa kitandani, na kelele za nje zinaingia kwa njia ileile: honi za boda, adhana ya alfajiri kutoka msikitini, na Redio Katwe. Huyo ni binti yetu. Kampala uvumi wote hutangazwa na Redio Katwe, na wa kwetu hutangazwa na yeye. Kufikia asubuhi ngazi nzima ilijua kwamba Baba amenunua redio ya kichwani na kwamba Mama hakuambiwa bei.

Habari hizo zilifika mpaka Masaka, na Ssenga akaja. Msomaji wa pwani, mweke huyu mahali pa shangazi, somo na kungwi kwa pamoja: ni dada wa baba yake mke wangu, aliyemfunda kabla ya ndoa, na bado anakagua kazi yake. Mimi humwita Spika wa Bunge. Alikaa mkekani, akasikia "Mario" inavuja kichwani mwangu, akauliza kwa Kiganda huyo mwanamume anasimulia nini. Hakimu akatafsiri: ni kijana anayelishwa na mwanamke mwenye mali, aliyemzidi umri. Ssenga akamgeukia Profesa, sahani mkononi, na akamfundisha maisha mpaka chai ikapoa.

Kisha akaomba asikilize. Nilimwekea wimbo wa Elly Wamala, na akafumba macho. Hapa kuna sifa ya hedifoni hizi ambayo wauzaji hawaitaji: ukizivaa unajisikia mwenyewe, basi hupigi kelele kama mvaaji wa zile zilizofungwa. Ssenga alisikiliza huku anaamuru matooke yageuzwe na mtoto aoshwe miguu, kwa sauti yake ya kila siku.

Mtoto huyo ni kitinda mimba wetu, Kaloli. Wanaoyajua makorongo ya Kampala yanavyosimama kando ya jalala yakingoja, wanajua kwa nini tukampa jina lao. Alisimama juu ya Ssenga na rolex yake, na kipande cha yai kikapita kwenye wavu. Nilikitoa kwa brashi laini na sindano ya kushonea, na zikapona, ila ujue kwamba wavu haukingi vumbi wala mchuzi.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kama una watoto wadogo, nunua zilizo wazi, maana utamsikia anayelia na sufuria inayofurika, na muziki utausikia kama ulivyopigwa. Tenga pia fedha za amplifaya. Kama unataka kusikiliza peke yako, nunua zilizofungwa. Zangu ziko Masaka. Ssenga aliondoka nazo pamoja na amplifaya, Hakimu akaridhia, na Profesa bado anadaiwa bwenini.