Kopo la Mama Mkwe

Mama mkwe alishuka basi la Inyonga amekumbatia kopo la siagi. "Mkamwana, nitunzie. Mtoto akiugua usiku usihangaike."

Ndani mlikuwa na senti 20 za mbuni, senti 50 za sungura na shilingi za mwenge, za tangu 1966 nchi ilipoanza kutumia fedha yake yenyewe. Chini kulikuwa na zile za enzi ya Mzee Mwinyi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikanyamaza. Kopo zima halimtibu mtoto mafua. Hapa Mpanda muuza duka akikosa chenji hukupa pipi, lakini mpe shilingi 20 ya tembo uone atakavyokutazama. Hata Benki Kuu ilipokusanya noti za zamani, mwisho 5 Aprili 2025, ilitaja noti tu. Vyuma vyetu hakuna aliyeviulizia.

Ningeliweka juu ya kabati, yakaisha. Lakini baba watoto alikuwa amesikia kijiweni kwamba wapo matajiri wanaonunua sarafu za kale kwa mamilioni, hasa zinazovutwa na sumaku, maana hizo "zina madini". Akang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Redio yenyewe jana yake ilisoma taarifa ya habari vizuri tu.

Zikavutwa! Shilingi za 1987 na wenzao wa miaka ya 1990 ziliruka na kunata, kwa kuwa ni chuma kilichovikwa nikeli. Fedha ilishuka thamani, na sarafu nayo ikatengenezwa kwa malighafi rahisi. Zile za 1966, za shaba na nikeli, hazikutikisika. Akawapa watoto wachezee duka. Zenye "madini" tukazilalia chini ya godoro, mgongo wangu shahidi.

Tajiri alipatikana kwa simu. Alitaka kwanza atumiwe hela ya kusafiria.

"Tajiri gani anaomba nauli?" mama mkwe akauliza, na biashara ikafia hapo.

Baba watoto hakukata tamaa, akazibeba hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Yule akaigeuza moja, akairudisha haraka. "Mzee, hii ina sura ya Rais. Polisi wakinikuta nayo nitasemaje?"

Ndipo mama mkwe akadai kopo lake na kuanza kuhesabu. Ilipungua moja: senti 10 ya ukoloni, ya shaba, yenye tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni.

"Niliiweka kwenye bati, mama. Msumari ulikosa mpira. Imefaa kweli, hapavuji tena."

"Ile alinipa baba yako. Itoe."

"Mvua inanyesha! Bati litavuja."

"Livuje. Mkamwana, lete sufuria."

Nikaleta mbili.